Tuta la Saba

Msusi alisinzia kwenye tuta la saba, na hapo ndipo mambo yote yalipoharibika.

Hakusinzia sana. Alikuwa amekaa juu ya kreti tupu iliyopinduliwa, ndani ya gari la mikate, mgongo wake umeegemea kiti cha mumewe na uso unatazama kioo cha mlango wa nyuma. Ndivyo alivyokaa kila alfajiri kwa miezi mitano. Gari likipanda tuta, mumewe aliuliza, "Umeona mtu?" Gari likishuka, yeye alijibu, "Hakuna mtu." Hapo ndipo gari lilipoendelea na safari. Kutoka kiwandani hadi duka la mwisho kulikuwa na matuta kumi na manne, mashimo makubwa tisa na reli moja ya zamani isiyopitiwa tena na treni, na kila kimoja kilidai jibu lake. Siku njema jibu moja lilitosha. Siku mbaya aliulizwa mara sita kwa tuta moja, mpaka maneno yale mawili yakamwishia maana mdomoni kama ubani uliotafunwa tangu asubuhi.

Alfajiri ile tuta la saba lilimpitia usingizini. Alisikia swali kwa mbali, na mdomo wake, ambao ulikwisha kuijua kazi kuliko yeye mwenyewe, ukajibu peke yake.

"Hakuna mtu."

"Mbona sauti yako imelala?"

"Sauti gani imelala? Si ileile ya jana."

"Macho yako yalikuwa wazi?"

Angesema ndiyo, mikate ingefika. Lakini jana yake alikuwa amesuka vichwa vinne mpaka vidole vikafa ganzi, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kusema uongo mzuri.

"Yalikuwa wazi kidogo," alisema.

Gari likasimama kama limegota ukutani.

"Kidogo kiasi gani?"

Watoto wa mtaani walimwita mumewe Rivasi, na si kwa uonevu. Hakuna aliyewahi kumwona akipita barabara mara moja. Alikwenda mbele nusu kilomita, akasimama, akarudi kinyumenyume kutazama kama kile kilichotikisa tairi kilikuwa shimo au binadamu. Miaka kumi na minane ya udereva hakuwa amegonga hata kuku. Hilo halikumsaidia. Kila alipokumbushwa, alijibu kwamba huenda kuku wenyewe aliwagonga bila kujua. Matingo watatu walikwisha kuikimbia kazi yake, wa mwisho akaondoka na gari likiwa linatembea, na ndipo mkewe alipofunga kisanduku chake cha vitana na kuja kukaa juu ya kreti. Maishani mwake Msusi alikuwa ametazama visogo vya watu. Sasa alitazama kisogo cha barabara.

Walirudi tuta la saba. Rivasi alishuka na tochi. Akachungulia chini ya gari, akashuka mtaroni, akapanda, akashuka tena. Alipotoka mara ya nne alikuwa ameshika ndala moja kwa ncha za vidole.

"Ya mguu wa kushoto," alisema.

"Baba, ndala hiyo imeota majani."

Ilikuwa kweli. Majani mawili marefu yalikuwa yamechomoza katika tundu la kidole gumba.

"Mtu havai ndala moja," alisema Rivasi. "Nyingine iko wapi?"

"Na majani je? Yameota kati ya kwenda kwetu na kurudi?"

Aliyatazama yale majani kwa muda. Alitaka kuamini, hilo mkewe aliliona usoni mwake. Alitaka kuamini kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na hakuweza kumeza. Akaiweka ndala juu ya kiti cha mbele, taratibu, kama kitu kinachoweza kuumia. Akaendesha gari moja kwa moja hadi kituo cha polisi, na mikate mia tatu na ishirini nyuma yake ikiwa bado ina mvuke.

*

"Nimekuja kujisalimisha," Rivasi alimwambia Sajini wa mapokezi.

"Umefanya nini?"

"Nimeua mtu. Au nimemjeruhi. Au labda hakuna kitu."

Sajini aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mnene, mtulivu, na meza yake iling'aa.

"Katika hayo matatu chagua moja. Kitabu kina mstari mmoja."

"Siwezi kuchagua, afande. Ndilo lililonileta."

"Maiti iko wapi?"

"Naitafuta."

"Kwa hiyo umekuja kuripoti mauaji, au kuripoti maiti iliyopotea?"

Msusi akaona mambo yanakwenda pabaya. Akasogea mbele, akatoa kifuani karatasi ya daktari, iliyokunjwa mpaka mikunjo ikaanza kuchanika.

"Afande, hakuna aliyegongwa. Mume wangu ni mgonjwa. Soma mwenyewe."

Sajini akasoma kwa sauti, akifuata kwa kidole. "Mawazo ya kung'ang'ania... na matendo ya kurudiarudia." Uso ukamkunjuka. "Aa! Huu naujua. Hata mimi ninao!"

"Wewe, afande?"

"Tazama." Akaonyesha kalamu zake tatu, ya buluu, nyeusi na nyekundu, zimelala sambamba kama askari bwenini. "Moja ikikaa upande, silali. Mke wangu ananiambia, wewe mwanamume una ugonjwa. Ni ugonjwa wa watu nadhifu, mama. Unawapata watu wanaojipenda."

Kisha akamtazama Rivasi. Alimtazama kuanzia juu. Nywele zilikuwa na unga. Kola ya shati ilikuwa imegeuka ndani, vifungo viwili vimekosea matundu. Suruali ilikuwa na tope la mtaroni hadi magotini, na soksi, kwa kadiri zilivyoonekana, hazikuwa ndugu.

Sajini akaikunja karatasi, akairudisha.

"Daktari amekosea mgonjwa," alisema kwa huruma. "Huyu hana ugonjwa huo. Mtu wa ugonjwa huo huwezi kumkuta hivi. Na kama si mgonjwa, basi anasema kweli, na kama anasema kweli, mimi lazima nifungue faili."

Akafungua faili. Ndala ikawa kielelezo cha kwanza. Mikate, kwa kuwa ilikuwa ndani ya gari linalochunguzwa, ikawa kielelezo cha pili. Msusi alipouliza mikate ingekaaje kituoni hadi kesi iishe, Sajini alimjibu kwamba serikali ina utaratibu. Saa nne asubuhi askari wawili walipita koridoni wakitafuna utaratibu huo kwa chai.

"Kielelezo kikiota ukungu tutaulizwa, mama," mmoja wao alimwambia, mdomo umejaa.

Wakataka kumwachia Rivasi arudi nyumbani hadi kesho. Akakataa.

"Niwekeni ndani," alisema.

"Ndani pamejaa."

"Nitasimama. Afande, nakuomba. Humo ndani hamna barabara."

Msusi alimpelekea chakula mchana, akaruhusiwa kuchungulia mlangoni. Mumewe alikuwa kati ya mwizi wa betri na mlevi mmoja, kalala sakafuni, mdomo wazi, anakoroma. Msusi hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akikoroma. Alisimama pale na bakuli lake mpaka askari akamwuliza kama amesahau kitu.

*

Tajiri wa kiwanda alifika nyumbani alasiri, akamkuta Msusi anamalizia kichwa cha mteja aliyekwisha kukaa siku mbili, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama. Wifi yake Msusi, dada mkubwa wa Rivasi, alikuwa pale pia. Alikuwa ameingia kusikia habari, na alikuwa hajatosheka nazo.

"Mikate yangu imewekwa ndani?" Tajiri aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Karibu kiti, bosi."

"Sikai. Nimeajiri dereva, nimenunua gari, sasa vyote viko polisi, na mikate inaliwa na askari. Wenye maduka wananikalia kooni tangu asubuhi. Nieleze, nimekukosea nini?"

Msusi akamwonyesha karatasi. Ilikuwa ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo, na aliitoa kila mara kwa tumaini lilelile, kama mtu anayejaribu ufunguo mmoja katika kila mlango. Tajiri akaisoma, akatikisa kichwa.

"Huu si ule wa kunawa mikono? Mama, mtu wa ugonjwa huu mimi namtafuta! Kiwanda cha mikate kingekuwa na watu watano wenye ugonjwa huu, ningekuwa mbali. Lakini mumeo? Nilimwona kwa macho yangu mkate umemwanguka, akaupuliza, akaurudisha kwenye kreti."

"Si lazima uwe wa kunawa, bosi. Kwake yeye ni barabara. Anaona kama amegonga mtu."

"Amegonga nani?"

"Hakuna."

"Basi amwambie huyo hakuna amsamehe, tuendelee na kazi!" Tajiri akapiga kiganja mlangoni. "Kesho jioni gari liwe kiwandani na faili liwe limefungwa. La sivyo, gari nampa mwingine. Mimi sina ugomvi na mtu."

Alipoondoka, wifi alisogeza kigoda.

"Wifi, mimi nikwambie kitu?"

"Usiniambie."

"Ndugu yangu ana mwanamke pale tuta la saba."

Mteja aligeuza kichwa haraka mpaka nywele zikamvuta.

"Mwanamume harudi mahali pamoja mara nne kwa asubuhi kutafuta maiti," wifi aliendelea. "Maiti ina mvuto gani? Fikiri wewe."

"Laiti angekuwa na mwanamke!" Msusi alisema. "Mwanamke ningemfuata kwake, nikamsuka bure mwaka mzima, akaniachia mume wangu. Huyu aliyempata nitamfuata wapi?"

Wifi akasema kwamba hata yeye akitoka nyumbani hurudi kutazama kama amezima jiko, na hajaenda kwa daktari. Mteja naye akasema yeye hawezi kulala vyombo vikiwa vichafu, kwa hiyo labda anao kidogo. Msusi aliinamisha kichwa juu ya kichwa, akasuka. Ilionekana mji mzima ulikuwa nao kidogo, na ulikuwa unafurahi nao, isipokuwa mtu mmoja aliyelala sakafuni kituoni.

Daktari wa kliniki ya akili, msichana mwembamba aliyeongea polepole, ndiye pekee ambaye hakusema anao. Wiki tatu zilizopita alikuwa amewakalisha wote wawili, akamwuliza Msusi, "Ukimjibu 'hakuna mtu', anapata nafuu kwa muda gani?"

"Mpaka tuta linalofuata."

"Basi mama, hiyo si dawa. Hiyo ndiyo inayoulisha ugonjwa. Kila ukimjibu, kesho atauliza zaidi. Akiuliza, mwambie hujui. Itamuuma. Hofu itapanda, itapanda sana, na asipoitii itachoka yenyewe. Mtaanza na kidogo, na kila wiki mtakuja kwangu tupime mlipofika."

Rivasi alikubali palepale ofisini, hata akampa daktari mkono. Walipofika nje aliuliza, "Daktari amesema usinijibu?"

"Ndiyo."

"Una uhakika amesema hivyo?"

"Nina uhakika."

Msusi hakugundua alichokifanya mpaka walipofika nyumbani. Kesho yake mikate ilikuwa inapoa, wenye maduka walikuwa wanapiga simu, na neno "sijui" lilichukua dakika ishirini ambapo "hakuna mtu" lilichukua sekunde mbili. Akachagua sekunde mbili. Akazichagua kila siku kwa wiki tatu, tuta kwa tuta.

*

Asubuhi ya Alhamisi Sajini alimpokea kwa bashasha.

"Mama, mambo mazuri. Tumempata."

"Mmempata nani?"

"Aliyegongwa!"

Kwa nukta moja, moja tu, Msusi alimwona mtu kweli katika kioo cha nyuma, kwenye tuta lile, wakati macho yake yalipokuwa wazi kidogo. Akashika kaunta.

Kwenye benchi alikaa mwanamume mwenye plasta ya mguu wa kushoto, kutoka kisigino hadi gotini. Pembeni yake alikaa mkewe, mwanamke wa kifua kipana, aliyemshika mumewe kiwiko kama mtu anavyomshika mwizi wake. Habari ilikuwa imekwisha kuenea mtaani kwamba kuna dereva kituoni anatafuta mtu aliyemgonga, na huyu bwana alikuwa na mguu uliovunjika bila gari. Sajini alikuwa na gari bila mguu. Faili lilikuwa limepata mwenzake.

Rivasi alitolewa ndani. Alipomwona Majeruhi alisimama, kisha akamwendea kwa mikono miwili, akamkumbatia na magongo yake.

"Uko hai!" alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Ndugu yangu, uko hai! Sikukuua!"

"Eeh, niko hai," alisema Majeruhi, akijaribu kujinasua. "Nashukuru."

"Na ndala hii ni yako?" Sajini alimwonyesha.

Majeruhi akaitazama. Ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi. "Ndiyo yangu," alisema. "Imenywea."

"Vizuri. Dereva, hapa unatia sahihi kwamba ulimgonga. Leseni yako inabaki kwetu, na Jumatatu mnaonana na hakimu."

Rivasi akachukua kalamu ya buluu bila kusita. Msusi hakuwahi kumwona akishika kitu kwa uhakika namna ile. Mtu aliyekuwa harudi nyumbani bila kutazama nyuma mara saba, sasa alikuwa anatia sahihi maisha yake yaondoke kama anatia sahihi barua ya posta, kwa sababu angalau angejua.

"Ngoja!" Msusi alisema. "Baba, ngoja. Wewe ndugu, uligongwa siku gani?"

"Jumapili alfajiri," mke wa Majeruhi alijibu kwa niaba yake. "Aliniletea mguu Jumapili saa tatu asubuhi. Akasema ni gari, likakimbia. Nikamwambia, mimi hilo gari nitaliona."

Sajini akakunja uso. "Dereva amekiri la Jumatano."

"Afande," Rivasi alisema, "Jumapili pia inawezekana."

"Jumapili hatubebi mikate!" Msusi alipaza sauti. "Jumapili kiwanda kimefungwa. Gari limelala ndani ya geti, funguo ziko mfukoni kwa tajiri. Mpigie simu, afande, mwulize."

"Labda nilikwenda kulichukua nikasahau," Rivasi alisema kwa unyonge.

Lakini mke wa Majeruhi alikuwa ameacha kuwasikiliza. Alikuwa amegeuka, polepole, kama mlango mzito, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mumewe.

"Gari lililala?"

"Mke wangu..."

"Nauliza, kama gari lililala, wewe uligongwa na nini?"

Majeruhi alitazama dari, akatazama plasta.

"Ukuta."

"Ukuta ulikuwa unakwenda wapi?"

Askari aliyekuwa koridoni alisahau kumeza mkate wake.

"Ukuta ulikuwa umesimama," Majeruhi alisema chini kwa chini. "Mimi ndiye niliyekuwa naruka."

"Ukitoka kwa nani?"

"Tutaongea nyumbani."

"Tutaongea, tena sana," alisema mkewe, na akaanza kukusanya magongo.

Rivasi aliwazuia mlangoni. Alikuwa amekutanisha viganja kifuani kama anaomba msaada.

"Ndugu yangu, ukuta huo uko karibu na barabara?"

"Uko mbali."

"Labda mimi nilipita, nikautikisa, ukateleza."

"Nilianguka mwenyewe, bwana! Nilivua viatu nisisikike, nikateleza. Naapa mbele ya mke wangu na serikali."

"Una uhakika?"

Majeruhi alimtazama. Katika chumba kile ndiye aliyekuwa taabani kuliko wote, na bado alipomwona huyu mtu mwenye nywele za unga akisubiri jibu, kitu fulani kilimlainika.

"Pole sana, kaka," alisema. Akatoka, akiongozwa.

Kalamu ya buluu ilikuwa imelala mshazari pale Rivasi alipoiacha. Sajini akainyoosha, akaiacha, akaipindua mwenyewe, akaitazama.

"Mimi nikishaipanga, napata raha," alisema. "Wewe ukisharudi kutazama barabara, unapata raha?"

"Hapana, afande."

"Hata kidogo?"

"Ninapata dakika moja. Halafu linakuja wazo lingine, kwamba labda sikutazama vizuri."

"Na leo? Aliyegongwa mwenyewe amekuja kukana mbele yako."

Rivasi aliona haya. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi masharubuni, na alisimama kama mwanafunzi aliyejikojolea. "Bado, afande."

Sajini alinyoosha mkono kwa Msusi. "Nipe tena ile karatasi." Safari hii alisoma bila kidole na bila sauti, mpaka chini. "Kumbe huu si ugonjwa wangu," alisema. Akaandika kwenye faili kwamba hakuna aliyegongwa, akagonga muhuri.

"Afande," Rivasi alisema, "waweza kugonga mara mbili?"

Sajini aliinua muhuri. Kisha akamtazama Msusi, aliyekuwa anatikisa kichwa kushoto na kulia, akaurudisha muhuri kwenye droo.

*

Tajiri alilipokea gari jioni ile, akalizunguka, akasema ana moyo wa huruma kupita kiasi na ndiyo maana hatajirika. Alitoa nafasi moja. Ijumaa mikate ifike duka la mwisho kabla ya saa moja asubuhi. Ikifika saa tatu kama kawaida, Rivasi asijisumbue kurudisha gari, aweke funguo palepale dukani, zitafuatwa.

Alfajiri ya Ijumaa Msusi hakupindua kreti. Alifungua mlango wa mbele, akakaa kiti cha utingo.

"Mbona huku?" Rivasi aliuliza.

"Leo natazama mbele."

"Nani atatazama nyuma?"

"Hakuna. Leo sitakujibu, baba. Kama daktari alivyosema."

"Alisema tuanze na kidogo."

"Tumebakiwa na asubuhi moja. Hatuna kidogo."

"Hata tuta la saba?"

"La saba ndilo hasa."

Tuta la kwanza aliuliza, naye akamwambia hajui. Rivasi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayefikiri anataniwa. La pili hakucheka. La tatu mikono yake iliteleza kwenye usukani kwa jasho. La nne alisema moyo unamwenda mbio. Mkewe akamjibu kwamba hata wake. La tano na la sita aliyapita akiuma mdomo, gari linatambaa, baiskeli zinawapita.

Kwenye la saba gari lilipanda, likashuka, likasimama.

"Umeona mtu?"

"Sijui."

Mkono wake ukaenda kwenye gia. Msusi aliutazama ule mkono. Hakuushika. Baadaye sana, alipobaki peke yake na kisanduku cha vitana na shati moja la mumewe ambalo hakulifua, ni mkono huo aliokuwa akiukumbuka, na unga kwenye vinyweleo vyake, na ulivyokuwa ukitetemeka juu ya ile gia kama ndege anayetaka kutua.

"Mke wangu, niambie mara moja tu. Ya mwisho. Sitakuuliza tena mpaka naingia kaburini."

"Sijui, baba."

"Unajua! Unajua kabisa hakuna mtu, unanitesa tu!"

"Nimekaa hapa mbele kama wewe. Sikutazama. Sijui."

Na aliposema hivyo alishtuka, kwa sababu ilikuwa kweli. Nyuma yao kulikuwa na barabara nzima ambayo hakuiona. Kioo cha pembeni kilikuwa karibu na shavu lake. Angegeuza jicho tu, angejua. Shingo ilimwasha kwa hamu. Miezi mitano alidhani anamwelewa mumewe, na kumbe alikuwa hajawahi kukaa hata dakika moja mahali ambapo mwenzake aliishi. Akakaza macho kwenye kioo cha mbele, akashikilia kiti kwa mikono miwili.

Rivasi alilia. Hakulia kwa sauti. Alilia akiwa ameshika gia, mabega yakipanda na kushuka, na dakika zikapita, tano, saba, mkewe akizihesabu kwenye saa ya gari na kufikiria duka la mwisho. Nyuma yao lori likapiga honi.

"Wewe Rivasi!" dereva wa lori aliita dirishani. "Leo vipi? Mbele au nyuma? Tuambie tujipange!"

Rivasi alifuta pua kwa mkono wa shati. Alimtazama mkewe, akakuta na yeye uso wake umelowa jasho.

"Na wewe unaogopa?" aliuliza.

"Sana."

Hilo lilionekana kumshangaza kuliko yote. Akalitafakari, lori likipiga honi. Kisha akatia gia ya kwanza.

Hawakusema kitu hadi duka la mwisho. Alisimama mara mbili njiani, mara ya pili akafungua mlango na kuweka mguu mmoja chini. Akaurudisha. Saa ya gari ilikuwa na dakika kumi kabla ya saa moja walipofika. Mwenye duka, mwanamke mzee aliyelala nyuma ya duka lake, alikuwa bado amefunga. Rivasi alishusha kreti, akagonga mlango kwa goti.

"Nani?"

"Mikate, mama."

"Mikate gani saa hizi? Mikate huja saa tatu."

"Leo imewahi."

"Niliibiwa hivihivi mwaka juzi. Mtu aligonga akasema ni sukari." Kitanda kililia huko ndani. "Wewe unayegonga, una uhakika ni mikate?"

Msusi, aliyekuwa anashuka na kreti ya pili, alisimama hapo hapo, mguu mmoja hewani. Rivasi aliitazama kreti mikononi mwake. Aliitazama kwa muda mrefu, na mkewe aliona kichwa kinaanza kuinama ili ahesabu, afunue, aguse mmoja mmoja. Kisha kikasimama.

"Sina uhakika, mama," alisema. "Lakini inanukia mikate."

Huko ndani komeo likaanza kufunguliwa.